Nimekaa miezi 14 na simjui jirani hata mmoja: nianzie wapi?

Swali: Ninaishi kwenye jengo la ghorofa nne lenye nyumba 24. Nilihamia miezi 14 iliyopita. Natoka alfajiri kwenda kazini, narudi jioni, na mtu pekee ninayemjua kwa jina ni mlinzi. Niliita kikao cha wakazi, wakaja watatu. Nikafungua kundi la WhatsApp, likageuka uwanja wa kulalamikiana na sasa liko kimya. Jirani wa mlango unaotazamana na wangu hata salamu haitikii. Nimekosea wapi, na nianze upya vipi?

Jibu: Dada, nia yako haikuwa na kosa. Kilichokwenda kombo ni mpangilio. Kikao na kundi la simu huwafaa watu waliokwisha kuzoeana. Waliopata mwaliko wako hawakujua aliyeuandika ni nani wala anakaa mlango gani, na hawakuona watapungukiwa na nini wasipofika. Wale watatu waliokuja usiwaone wachache, ndio mtaji wako. Nitawarudia.

Mazoea huzaliwa na kuonana mara kwa mara, mahali palepale, bila kupanga. Jambo hili limepimwa. Mwaka 1950 Leon Festinger, Stanley Schachter na Kurt Back walichapisha utafiti wao kuhusu makazi ya Westgate, ya wanafunzi wenye ndoa wa chuo cha MIT nchini Marekani. Wakazi wale hawakuchaguliana majirani, walipangiwa tu nyumba. Walipoulizwa marafiki zao ni akina nani, kati ya waliopakana mlango kwa mlango asilimia 41 walitajana. Palipokuwa na mlango mmoja katikati ilishuka hadi 22, milango miwili 16, na waliokaa ncha mbili za korido moja 10 tu. Umbali wenyewe ulikuwa wa hatua chache! Tena, waliokaa chini karibu na ngazi walikuwa na marafiki wengi zaidi wa ghorofa ya juu kuliko wenzao, kwa kuwa kila aliyepanda na kushuka alipita mbele yao.

Kwa hiyo acha kwanza hizo nyumba 24. Chukua sita: mbili za ubavuni mwako, ile inayotazamana nawe, ya juu yako, ya chini yako, na moja iliyo karibu na ngazi unazopita kila siku. Chora miraba saba kwenye karatasi, wako uwe katikati. Katika kila mraba andika mambo matatu: jina ambalo mwenyewe anapenda kuitwa (wengine hupenda la kuzaliwa, wengine huitwa kwa jina la mtoto), jambo moja alilokuambia kwa kinywa chake, na tarehe mliyozungumza mara ya mwisho. Nasisitiza kinywa chake. Habari ya jirani uliyoisikia kwa jirani mwingine haiingii kwenye karatasi hiyo, kwa sababu utaanza kumtendea mtu kwa sifa alizopewa na asiyempenda. Karatasi ikae ndani kwako. Baada ya mwezi, mraba ulio mtupu utakuonyesha pa kwenda.

Sasa muda. Ukitoka alfajiri na kurudi jioni ukapitiliza moja kwa moja hadi ndani, umejinyima nafasi ya kuonwa. Tenga nusu saa, mara tatu kwa wiki: jioni mbili za siku za kazi na asubuhi moja ya mwisho wa wiki, siku zilezile na saa ileile. Kaa mahali ambapo watu hupita hata wasipotaka, kama vile chini ya ngazi, langoni, kwenye kamba za nguo au karibu na pipa la taka. Uwe na shughuli mkononi. Kunja nguo, safisha baiskeli, mwagilia mmea. Mtu aliyesimama tu huwatia watu wasiwasi na kuwafanya wajiulize anamsubiri nani, lakini mwenye kazi ni rahisi kumsemesha, maana kazi yenyewe inatoa la kusema. Shughuli ya kutazama simu haihesabiki, na vipokea sauti masikioni ni sawa na mlango uliofungwa.

Wiki mbili za kwanza usitafute mazungumzo. Salamu na jina vinatosha. Inaonekana kama kupoteza muda, lakini jirani anakuzoea. Mwaka 1968 Robert Zajonc alionyesha kuwa kitu tunachokiona tena na tena tunaanza kukipenda kwa kukizoea tu, kabla hakijatufanyia lolote. Ukiruka hatua hii ukaanza na maswali ya kazi, ndoa na watoto, utaonekana mpelelezi.

Watu wengi hukwama hapa: wamesalimiana na jirani miezi mingi bila kujua jina lake, na sasa wanaona aibu kuuliza. Aibu hiyo huondoka kwa sentensi moja: "Samahani, tunasalimiana kila siku na sijawahi kukuuliza jina. Mimi naitwa fulani, nakaa nyumba namba fulani." Taja jina lako kwanza, kisha nyamaza. Karibu kila mtu atajibu na lake, na mara nyingi atakiri kwamba naye alikuwa akiona haya hiyohiyo. Ukifika ndani liandike kabla ya kuvua viatu. Kesho yake litumie ndani ya salamu. Mtu anayeitwa kwa jina lake ngazini husimama, asiyeitwa hupita. Na ukitoka kwenye mazungumzo hayo ukihisi umejiaibisha, usijihukumu. Utafiti wa Erica Boothby na wenzake wa mwaka 2018 uligundua kuwa baada ya mazungumzo ya kwanza watu kwa kawaida hudhani hawakupendwa kiasi walichopendwa kwa kweli.

Jina likishapatikana, njia ya haraka ya kusogea mbele ni kuomba msaada mdogo. Wengi hudhani ni kinyume chake, kwamba jirani mwema hujitokeza na zawadi. Zawadi kutoka kwa mtu usiyemjua huleta deni, na deni huleta kujificha, maana mpokeaji anaanza kuwaza atalipa nini. Ombi dogo humpa mwenzako heshima ya kuwa mwenye uwezo, na humwachia ruhusa ya kuja kukuomba siku yake ikifika.

Ombi lenyewe lina masharti, na nitakaa hapa kidogo kwa kuwa ndipo ujirani mwingi unapojengeka au kuvunjika. Lisimchukue zaidi ya dakika tano. Lihusu kitu anachokijua au alichonacho na unajua anacho: ngazi ya kupandia, bisibisi, pampu ya baiskeli, au jina la fundi aliyemtengenezea bomba lake. Ombi la maarifa ni jepesi kuliko la kitu, kwa hiyo lianze hilo. Bisha hodi jioni mapema, si wakati wa mlo wala watu wanapotayarisha watoto kulala. Ukishabisha rudi nyuma hatua mbili ili akifungua akuone mzima na asijihisi amezibiwa njia. Sema jina lako na mlango wako kabla ya ombi. Mpe nafasi ya kukataa bila kuumbuka: "Kama unaitumia leo, hakuna neno." Ukikaribishwa ndani mara ya kwanza, shukuru na ubaki mlangoni. Dakika mbili zinatosha.

Kitu cha kuazima kirudi ndani ya saa 24 hata kama uliambiwa ukae nacho. Kirudi kisafi, na umkabidhi mkononi. Ukikiacha mlangoni umepoteza mazungumzo ya pili, ambayo ndiyo uliyokuwa unayatafuta tangu mwanzo. Kikiharibika, sema siku hiyohiyo, kabla hajakikuta mwenyewe, na useme utakavyokitengeneza au kukilipa. Uharibifu uliosemwa mapema mara nyingi huimarisha uhusiano. Uliofichwa husimuliwa ghorofa zote nne.

Kuna vitu vitatu usiviombe mwaka wa kwanza: fedha, ufunguo wa nyumba ya mtu, na kuangaliziwa mtoto. Fedha hasa. Kuazimana vitu huwakutanisha watu mara mbili, kuchukua na kurudisha. Kukopeshana fedha huwafanya wakwepane ngazini kuanzia siku ya ahadi kupita. Ukiombwa wewe, kataa mapema na kwa upole, kisha toa msaada wa namna nyingine. "Fedha sikopeshi wala sikopi kwa majirani, ila nitakusindikiza unakokwenda kutafuta msaada" ni jibu linalolinda pande zote mbili.

Wakati huohuo kuwa macho na anayekukimbilia kwanza. Katika majengo mengi, mtu anayempokea mgeni kwa habari nyingi za wengine ni yule aliyekwisha kugombana nao. Msikilize, mheshimu, lakini usibebe neno lolote kwenda mlango mwingine. Jibu moja hukuokoa na fitina nyingi: "Mimi bado sijamjua, nikimjua nitajionea." Ukilisema mara mbili tatu, habari zitaacha kuletwa kwako.

Sasa wale watatu. Watafute mmoja mmoja, waambie umefurahi kwamba walikuja, na umuulize kila mmoja swali moja: "Kitu gani hapa jengoni kingekupunguzia usumbufu kama kingerekebishwa?" Usipendekeze wewe. Andika maneno yao jinsi walivyoyasema. Wawili wakitaja jambo moja, umepata kazi yenu ya kwanza. Wasipolingana, chagua lile dogo zaidi.

Kabla ya kazi, fanya jambo ambalo wengi hulisahau: wakutanishe wasiojuana. Ukiwa na jirani sita wanaokujua wewe lakini hawajuani, umejijengea gurudumu linaloshikwa na kitovu kimoja tu, yaani wewe, na ukisafiri kila kitu husimama. Jirani wa juu akisema baiskeli ya mwanawe imevunjika mnyororo, na wa ubavuni ni fundi mzuri, usipeleke ujumbe. Panda ngazi na huyo fundi, watambulishe kwa majina, taja kila mmoja anachokijua, kisha ondoka na uwaache wamalizane. Ukifanya hivyo mara nne au tano, watu wataanza kutafutana bila kupitia kwako.

Kazi ya kwanza iwe na sifa hizi: iishe ndani ya dakika 90, matokeo yaonekane kwa macho siku hiyohiyo, ihitaji mikono kuliko fedha, na iweze kukamilika hata wakija nusu ya walioitika. Kuzibua mfereji wa maji ya mvua, kuweka taa kwenye ngazi zenye giza, kupaka rangi mlango wa kuingilia. Mradi wa kuchangia fedha uache kabisa kwa sasa, hata kama kila mtu anausifia, kwa sababu mchango hudai mweka hazina, mweka hazina hudai kuaminiwa, na kuaminiana hakujapatikana bado. Kama jengo lina mwenye nyumba au msimamizi, pata ruhusa yake kwanza.

Waalike watu watano hadi saba, ana kwa ana, na mpe kila mmoja jukumu lenye jina. "Njoo Jumamosi tusafishe" humwambia mtu kwamba hata asipokuja kazi itafanyika. "Naomba uje na ngazi yako, kwani ya kwangu haifiki kwenye taa" humwambia kwamba bila yeye taa haiwaki. Mkumbushe juma moja kabla, kisha jioni ya kuamkia siku yenyewe. Anza saa uliyosema hata kama mko watatu, na maliza saa uliyosema hata kama kumebaki kidogo. Wanaokuja kwa mara ya kwanza wanapima kama muda wao unaheshimiwa. Dakika kumi za mwisho simameni mtazame mlichofanya, kila mtu ataje jina na mlango wake, kisha muulizane nani ataongoza ijayo. Usiwe wewe. Mara ya pili ikiongozwa na mwingine, hata akaiongoza vibaya kuliko ambavyo ungeongoza, kazi hiyo si yako tena, ni ya jengo.

Kundi la simu lirudi baada ya hapo tu. La kwanza lilikufa kwa sababu inayojulikana vizuri. Mwaka 1968 John Darley na Bibb Latané walimweka mtu chumbani, akasikia kupitia kifaa cha sauti mwenzake akipatwa na kifafa, ambacho kilikuwa cha kuigiza bila yeye kujua. Aliyeamini ndiye msikilizaji pekee alitoka kutafuta msaada katika asilimia 85 ya majaribio kabla kifafa hakijaisha. Aliyeamini kuna wasikilizaji wengine wanne alifanya hivyo katika asilimia 31. Ujumbe uliotumwa kwa watu 24 una hali hiyohiyo: kila mmoja anausoma akijua wengine 23 wameusoma. Basi ombi liende kwa mtu mmoja, kwa jina. Kundi libaki la taarifa: maji yanakatika lini, lango limeharibika, mzigo wa nani uko kwa mlinzi. Wasimamizi wawe wawili, wa ghorofa tofauti. Jumbe za kusambazwa, siasa na mahubiri zisiingie. Na kanuni iliyo juu ya zote: lalamiko linalomhusu mtu halitajwi kwenye kundi, hata bila kumtaja jina. "Kuna watu hapa hawana ustaarabu" ni sentensi inayoua kundi, kwa kuwa mhusika anajijua na wasiohusika wanajihisi wametukanwa.

Lalamiko lina njia yake. Kama ni kelele, usiende usiku ukiwa na hasira, ila pakiwa na hatari. Nenda kesho yake jioni, peke yako, useme ulichosikia na saa yake: "Jana kuanzia saa tano hadi saa saba usiku muziki ulikuwa unasikika chumbani kwangu, na mimi huamka saa kumi alfajiri. Tunaweza kukubaliana saa ya kupunguza?" Usiseme "sote tumechoka." Neno "sote" humfanya aone jengo zima limemkalia kikao, na atajitetea badala ya kukusikiliza. Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alichunguza jamii zilizotunza mali za pamoja kwa vizazi, na kati ya mambo aliyoyakuta kwenye zile zilizodumu ni kwamba kanuni zimetungwa na watumiaji wenyewe, ugomvi una mahali pa karibu na rahisi pa kumalizwa, na adhabu huanza ndogo kisha hupanda. Kwenu ina maana neno la faragha kwanza, la pili mbele ya jirani mmoja mnayemwamini wote, na msimamizi wa jengo awe wa mwisho kabisa.

Ukishawajua watano au sita vizuri, andikeni orodha ya dharura kwa hiari: jina, mlango, simu, na mtu wa nje wa kupigiwa. Anzeni na wanaoishi peke yao. Julai 1995 joto kali lilisababisha vifo vipatavyo 739 mjini Chicago, na mwanasosholojia Eric Klinenberg alipochunguza alikuta kuwa waliokuwa hatarini zaidi ni wazee waliokaa peke yao bila mtu wa kuwabishia mlango. Mitaa iliyolingana kwa umaskini ilitofautiana sana kwa vifo: palipokuwa na barabara zenye watu na shughuli, wazee walitoka na walionekana. Kupatana na mzee wa ghorofa ya pili kwamba akifungua dirisha asubuhi ni ishara ya kuwa yu mzima hakuhitaji urafiki wa ndani. Kunahitaji kujuana kwa jina na mtu wa kutazama dirisha hilo.

Na hapa upime matarajio yako. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alikadiria kuwa watu huhitaji takriban saa 50 za kuwa pamoja ili watoke kwenye kujuana na kuwa marafiki wa kawaida, na zaidi ya 200 kwa marafiki wa karibu. Saa moja na nusu zako za kila wiki, hata ungezitumia zote kwa mtu mmoja, zingefika 50 baada ya wiki 33 hivi. Kwa hiyo usikate tamaa mwezi wa tatu ukiona hamjawa marafiki. Ujirani hauhitaji kufika huko kwa kila mlango. Marafiki wawili, na wengine kumi mnaoitana kwa majina, ni jengo jingine kabisa.

Imebaki jirani unayetazamana naye. Asiyeitikia salamu si lazima awe na kiburi. Huenda hasikii vizuri, anafanya kazi usiku na mnapishana akiwa amechoka, lugha yako haimo kinywani mwake, amefiwa, au aliumizwa na aliyekaa kwako kabla yako. Muulize mlinzi swali moja tu, kama mtu huyo anafanya kazi za usiku, na usiende mbali zaidi. Endelea kumsalimu kwa sauti ya kawaida, ukimtazama, bila kusubiri jibu wala kusimama. Baada ya mwezi, tia chini ya mlango wake kikaratasi chenye mistari mitatu: jina lako, namba ya mlango wako na simu yako, na maneno "kukiwa na dharura, gonga saa yoyote." Usiombe jibu. Kisha usimfuate tena kwa njia nyingine yoyote. Salamu ziendelee tu. Siku bomba lake litakapopasuka usiku wa manane, atajua ni mlango gani wa kugonga.